Midomo ya Watu wa Kasoka

Mjini Mpanda, katika safu ya mafundi cherehani nyuma ya soko, yupo mwanamke ambaye watu wakipita mbele yake hufunika midomo kwa viganja. Si dharau. Wanaogopa kusomwa. Theopista hasikii hata radi, lakini mtu akinong'ona ng'ambo ya barabara, kule kwa wauza dagaa, yeye amekwisha kujua nani anasemwa na kwa kosa gani. Bahati njema umbeya hana. Angekuwa nao, ndoa nyingi za mtaani zisingefika Pasaka.

Hakuzaliwa hivyo. Alisikia kwa miaka tisa, kijijini kwao Mbede, upande wa Mpimbwe. Kisha homa ikamlaza wiki mbili, na alipoinuka, dunia ilikuwa imezimwa. Kuku walifungua midomo bila kitu kutoka. Mama alilia bila sauti. Bibi yake ndiye aliyemrudisha kwa watu. Kila jioni alimshika kidevu, akamgeuza uso, akamsemesha Kipimbwe polepole, neno moja mara mia, mpaka mtoto akaanza kuyaona maneno. Bibi mwenyewe hakuwa na meno hata moja. Mdomo wa namna hiyo husomeka kwa tabu, na aliyeuweza huo, mingine yote kwake ni mteremko. Kiswahili alikisoma baadaye, kwenye midomo ya walimu na wateja. Sauti yake ndiyo iliyobaki pale pale ilipokuwa siku anaugua: mama wa miaka hamsini na mbili, na heshima zake zote, akisema husikika binti wa darasa la tatu. Wageni hushtuka. Wenyeji wamezoea.

Mwaka jana mwezi wa tatu, Feisal alimfuata kibandani. Feisal hupiga video za harusi na za kipaimara, ana chumba chake karibu na stendi. Alisimama penye mwanga, uso wazi, kama asimamavyo mtu mwenye shida ya kweli.

"Dada Theo, nina sinema haina sauti. Watu wanaongea humo ndani, lakini sauti hamna. Nataka unisomee."

"Sinema ya wapi?"

"Ya hapa hapa. Ya Kasoka."

Theopista akaondoa mguu kwenye cherehani.

Kasoka ni mlima, mwendo wa nusu siku kwa pikipiki. Enzi za mkoloni kulikuwa na mgodi pale. Siku hizi kuna msitu wa miombo na mashimo yaliyojaa maji meusi, na hakuna anayekata kuni huko. Warina asali wa Inyonga, watu wasioogopa chui wala nyoka, hawatundiki mizinga Kasoka. Wanasema nyuki huja, huuzunguka mzinga, na hawaingii. Na kila mtu mzima amewahi kusikia habari ya watoro saba wa Kasoka, wafanyakazi waliochochea mgomo, kisha kesho yake wakakimbilia Kongo na kuwaacha wenzao wachapwe viboko. Ilikuwa hadithi ya kuwaaibisha waoga: "Usiwe kama watoro saba."

Feisal akaeleza. Nyumba ya injinia wa zamani ilikuwa inabomolewa kule Kasoka, wabomoaji wakakuta debe la biskuti limejengewa ndani ya ukuta. Ndani mlikuwa na mikanda mitatu ya filamu, na karatasi iliyoandikwa 1956. Mikanda ikaletwa kwake, yeye akaituma Dar kwa rafiki yake mwenye mitambo, ikarudi ndani ya flashi. Yule injinia, ilionekana, alipenda kutengeneza sinema. Alikuwa amewavika wafanyakazi wake kaniki na ngozi, akawaigizisha mchezo wa zamani za kale: wabeba mawe wanajenga ngome ya bwana mkatili, wanachoka, wanaasi.

"Nataka niionyeshe Mei Mosi pale ukumbini," Feisal alisema. "Sikukuu ya wafanyakazi, sinema ya wafanyakazi. Ukinisomea wanachosema, nitawatia sauti. Watu watacheka sana."

Walikaa siku hiyo hiyo saa sita mchana. Feisal alifunga mlango, akatundika blanketi dirishani kuzuia jua, akawasha televisheni kubwa anayokodisha kwenye sherehe. Chumba kikawa na joto la chungu.

Kioo kikawa cheupe, kikatoa madoadoa. Kisha maandishi kwenye ubao mweusi: WABEBA MAWE. Wanaume wakatokea, wamejipanga kwenye mteremko wa Kasoka, kila mmoja na jiwe begani. Walikuwa wembamba na walitembea kwa haraka kidogo kuliko watembeavyo watu, kama inavyokuwa kwenye picha za zamani. Mnyapara mwenye kofia ya manyoya alitikisa mjeledi. Mbeba jiwe mmoja akaanguka. Wenzake wakamzunguka, na mmoja wao, mrefu, mwenye kovu juu ya nyusi, akainua mkono na kufungua kinywa. Ubao ukatokea tena: BWANA, TUMECHOKA!

Lakini mdomo wa yule mrefu haukusema hivyo. Alisema Kipimbwe, akasema: *Jumatatu asishuke mtu shimoni. Wapelekeeni habari na wa zamu ya pili.*

"Rudisha," Theopista alisema.

Feisal akarudisha. Mrefu akainua tena mkono, kwa hasira ile ile ya mchezo, akatoa agizo lile lile.

"Anasema nini, dada?"

Theopista alimwashiria asubiri. Aliendelea kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuelewa. Mgodini watu walikatazwa kukusanyika. Zaidi ya watatu wakisimama pamoja, wanyapara walikuja. Mahali pekee walipoweza kusimama hamsini bila kuulizwa ni hapa, mbele ya mashine ya mzungu, tena kwa amri yake mwenyewe. Injinia hakujua Kipimbwe, na mwigizaji wa mnyapara alikuwa mmoja wao. Basi walipiga kelele za uasi wa zamani za kale huku wakipanga mgomo wao wa kweli, na mzungu akawa anazungusha mkono wa mashine, amefurahi.

Kwenye kipande cha pili, wawili walikuwa wanavuta gogo. Ubao ulisema: OLE WETU! Mmoja wao akasema bila kugeuza kichwa: *Dieudonne, yule Mrundi, yuko wapi?*

*Wanasema ametoroka. Amekwenda Kongo.*

*Viatu vyake viko kambini, chini ya kitanda. Nani anatoroka pekupeku?*

*Alionekana mara ya mwisho akiitwa shimo la tatu.*

Theopista alishtuka. Si kwa maneno tu. Miaka arobaini na mitatu hakuwa amesikia kitu, maneno yalimwingia kwa macho, makavu, kama yaliyoandikwa. Haya yalikuja na sauti. Sauti nzito za wanaume, zenye vumbi kooni, Kipimbwe cha zamani kama cha bibi yake. Zilitoka mahali fulani nyuma ya kichwa chake. Aligeuka kutazama. Kulikuwa na ukuta na viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine.

"Dada Theo, una nini?"

"Endelea."

Kipande cha tatu ndicho cha vita. Askari wa mchezo wakatokea na bunduki za mbao, moshi ukafuka, wabeba mawe wakaanguka mmoja mmoja. Injinia alipenda sana jambo hili, maana aliibeba mashine yake mwenyewe na kupita nayo polepole juu ya maiti. Sita walilala safu moja, kiubavu na chali, mikono imetupwa. Jua lilikuwa kali. Inzi walitua kwenye mashavu yao na hawakutikisika.

Wafu walikuwa wanasema.

Midomo yao ilicheza kidogo tu, kiasi cha mtu anayesali usingizini. Feisal alikuwa ameitazama sehemu hiyo mara tano, akadhani ni inzi. Mashine ilimpita wa kwanza, mdomo ukasema: *Zablon, wa Karema.* Ikampita wa pili: *Optatus mwana wa Kifunda, wa Mamba.* Wa tatu, wa nne, wa tano, kila mmoja jina na kwao, kama watu wanaoitwa mlangoni. Theopista alisema majina yale kwa sauti bila kujijua, na sauti yake ya kitoto ikajaza chumba. Feisal alirudi nyuma na kiti chake.

Wa sita alikuwa yule mrefu mwenye kovu. Alilala chali na alikuwa ameacha macho wazi, kama baadhi ya maiti. Mashine ilipofika juu yake ikasimama. Akatazama moja kwa moja ndani ya kioo. *Mimi Bartolomeo mwana wa Kapele, wa Usevya. Sanduku hili linatunza sura, nimeona, mzungu alituonyesha kwenye shuka. Sijui kama kuna wa kunisikia. Nikipotea, sikukimbia.*

"Nimesikia," Theopista alisema.

Bartolomeo akafumba macho.

Televisheni ikawa nyeupe. Feisal alikuwa amekwisha kuling'oa blanketi, jua limeingia lote chumbani, naye anahema. Alitaka kujua kilichotokea, na Theopista alipomweleza, kwanza alicheka, kisha akaacha. Waliirudisha mara mbili. Mara ya pili Theopista alibana midomo, hakusema neno. Bartolomeo alifumba macho vile vile, wakati ule ule. Filamu ni filamu, imekwisha kupigwa, haimngoji mtu. Hata hivyo hakuna kati yao aliyetaka kuiona mara ya nne.

Kurudi kibandani ni mwendo wa dakika kumi. Wauza nyanya walimwona Theopista akigeuka njiani mara tatu, ghafla, kama mtu aliyeitwa jina. Kiziwi akigeuka namna ile watu huangaliana. Mmoja alimuuliza, "Kwani vipi, fundi?" naye akajibu kwamba hakuna kitu. Alikaa, akafungua daftari lake la vipimo, na chini ya kiuno na mabega ya mteja fulani akaandika majina saba. La Dieudonne aliliandika la mwisho, kwa sababu huyo hakuwemo kwenye picha. Alikuwemo midomoni mwa wenzake tu.

Usevya alikuwa anapafahamu. Wapimbwe wanajuana. Na alikuwa amewahi kumshonea gauni la kitenge mama mmoja wa huko, aitwaye Suzana Bartolomeo, mkali, asiyetaka kupimwa mgongoni kwa kuwa hakupenda mtu asimame nyuma yake. Feisal akampigia katekista wa Usevya, katekista akathibitisha: yupo, mzima, anakaribia miaka sabini, na jina la baba yake halitajwi pale nyumbani.

Walipanda basi la asubuhi. Njia inakata mbuga ya Katavi, abiria wakafunga vioo kwa ajili ya mbung'o, na Feisal alipakata kompyuta yake kama mtoto mgonjwa.  Katikati ya mbuga alisema, "Dada, na kama hataki kujua?"

"Basi tutarudi," Theopista alisema. "Lakini mimi nimeambiwa. Siwezi kukaa nalo."

Walimkuta Bibi Suzana uani anapepeta mpunga. Theopista alipiga magoti kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si yule fundi kiziwi wa Mpanda? Gauni lako linanibana kwapani."

"Nitalirekebisha. Bibi, tumekuja kwa habari ya mzee Bartolomeo."

Ungo ukasimama. "Huyo hana habari," Bibi Suzana alisema. "Alitukimbia nikiwa tumboni. Nilipoanza shule waliniita binti wa mtoro. Nilipoolewa, mama mkwe alinitazama miguu, akasema, ngoja tuone kama na huyu atakimbia. Mama yangu alimngoja mpaka akachoka, akauvunja ule mlango wa mbele, akauziba kwa matofali, akafungua mwingine nyuma ili asiione barabara. Kabla hajafa alituusia, akirudi msimfungulie. Mnataka nini nyie?"

Theopista alikuwa amejiandaa kusema mengi. Yakamtoka yote. Alisema tu, "Hakukimbia. Amesema mwenyewe."

Waliingia ndani kwa sababu ya jua. Feisal aliweka kompyuta juu ya kinu kilichogeuzwa. Hakuonyesha mawe wala vita, alikwenda moja kwa moja kwenye wale sita. Bibi Suzana aliinama. Hakuwa ameona picha ya baba yake maisha yake yote, haikuwahi kuwepo hata moja. Mashine ikapita juu ya wale watano, ikafika kwa yule mrefu, na hapo hakuhitaji kuambiwa. Paji lile la uso lilikuwa lake. Nyusi zile zilikuwa za mwanawe wa kwanza.

"Kijana mdogo," alisema. "Mdogo namna hii?"

Baba alikuwa na miaka kama ishirini na sita. Binti alikuwa na mvi kichwa kizima.

"Anasema nini?"

Theopista akamwambia kwa Kipimbwe, neno kwa neno, kama lilivyotoka. Sauti yake ya kitoto ilikuwa jambo la kutisha wakati ule. Kinywa kilikuwa cha mama mtu mzima, maneno yalikuwa ya maiti, na sauti ilikuwa ya msichana mdogo anayesimulia habari za baba yake. Feisal, ambaye Kipimbwe hakijui, alitoka nje akasimama kwenye jua.

"Rudia," Bibi Suzana alisema.

Akarudia. Akaombwa tena, akarudia. Bartolomeo aliyatazama macho ya binti yake mara tatu. Mara ya tatu, kope zilipoanza kushuka, Bibi Suzana alinyoosha mkono wenye makapi ya mpunga na kupitisha kiganja juu ya kioo, polepole, kutoka paji la uso kwenda chini, kama wanavyofanyiwa wote waliofia nyumbani. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akashika kichwa, akapiga yowe la msiba.

Theopista hakulisikia. Aliliona likifika kwa majirani: majembe yakiwekwa chini, wanawake wakija mbio na kufunga khanga viunoni.

"Nani amefariki?" walimuuliza Bibi Suzana.

"Baba yangu."

Wakatazamana. Mmoja akauliza kwa upole, "Lini, mama?"

"Sijui. Nimepata habari leo."

Matanga yalikaliwa siku tatu, wali ukapikwa, padri akasoma misa. Kaburi halikuchimbwa. Wazee walisema huwezi kumzika mtu unayejua yuko mahali pengine.

Mei Mosi ilipofika, Feisal aliionyesha ile sinema ukumbini, mchana, na watu wakajaa mpaka madirishani. Hakutia sauti ya kuchekesha. Theopista alikaa kando ya kioo, uso kwa watu nusu na kwa picha nusu, akasema yote waliyoyasema. Majina yalipoanza, mwanamume mmoja wa Karema alisimama penye benchi na hakuketi tena. Mwingine wa Mamba alikuwa amekuja kuuza samaki tu, akaingia kwa sababu ya msongamano, akamsikia babu yake akitajwa. Siku ile ilipokwisha, wanne kati ya sita, Bartolomeo akiwa mmojawapo, walikuwa wamepata ndugu zao. Kwa Dieudonne alisimama mama mmoja wa Katumba, Athanasie, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili.

"Sina undugu naye," alisema. "Lakini ni wa kwetu, na hana mtu. Mniandike mimi."

Wiki mbili baadaye walipanda Kasoka, watu kama thelathini, kwa fuso. Serikali ya kijiji iliwapa mgambo wa kuwaongoza wasianguke. Shimo la tatu lipo chini ya miti mikubwa ya miombo. Maji yake ni meusi na yametulia kama mafuta, na ingawa upepo ulikuwa unatikisa majani juu, uso wa maji haukuwa na kunyanzi. Hakuna aliyejua kwa hakika kama wako humo. Walichokuwa nacho ni maneno ya watu wawili waliokuwa wanavuta gogo. Hilo Theopista aliwaambia wazi kabla ya kuondoka, nao wakasema wanaelewa, twende.

Walimwaga unga wa mahindi na asali kidogo ukingoni. Kisha kila ukoo ukamwita wa kwake. Bibi Suzana alitangulia, akaita "Baba!" kwanza, neno ambalo hakuwahi kulitumia, halafu jina lake kamili. Mwangwi ulirudi kutoka chini, jina zima, mara mbili. Wakaitwa wa Karema na wa Mamba na wengine, na kila jina lilirudi. Wale wawili wasio na ndugu waliitwa na wote kwa pamoja, nayo majina yao yakarudi.

Mwisho Athanasie akasogea. Alivua kandambili, akasimama pekupeku kwenye mawe, akaita kwa sauti kubwa kuliko wote.

Theopista alikuwa amesimama upande wa pili wa shimo, anatazama nyuso. Aliona midomo ya Athanasie ikilitamka jina. Kisha akaona watu wote wanainamisha vichwa kusikiliza, na wanaendelea kusikiliza, na mgambo anavua kofia.

"Kumetokea nini?" alimuuliza Feisal.

Feisal akamgeuzia uso. "Jina halijarudi," alisema. "Yale mengine yote yamerudi. Hili limekwenda moja kwa moja, kama limepokelewa."

Athanasie hakuita mara ya pili. Alisema kwa Kirundi maneno machache ambayo Theopista hakuweza kuyasoma, akavaa kandambili zake, akawa wa kwanza kushuka. Kwenye fuso aliimba, na walioujua ule wimbo wakamwitikia mpaka Mpanda.